Gari la Kasi katika Bonde la Ufa: Joto, Vumbi na Ushauri Unaopingana

Magari ya kasi yanayoonekana Naivasha, kwa sehemu kubwa, yametoka Japani yakiwa yametumika: Subaru Impreza WRX na STI, Legacy na Forester zenye turbo, Mitsubishi Lancer Evolution, Toyota Mark X, na hapa na pale Mazda RX-8 au Volkswagen Golf GTI. Kanuni ya KS 1515:2000 hairuhusu gari lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza liingizwe Kenya. Gari likiingia leo huwa limekwisha kuendeshwa miaka kadhaa katika barabara za Japani, na mwenye kulimiliki kwa mkono wa tatu au wa nne hulikuta na miaka 15, pengine 20. Hapo ndipo maswali huanza, na majibu hayafanani. Fundi mmoja husema gari la nchi ya joto linataka oili nzito ya 20W-50. Mwingine huapa kwamba oili hiyo ndiyo inayoua turbo. Huyu hung'oa themostati, yule hukataza isiguswe. Kuhusu petroli, kila kituo kina mtaalamu wake.

Ukiyachuja majibu hayo, hubaki misimamo mitatu. Wa kwanza hushika kitabu cha mtengenezaji neno kwa neno. Wa pili hushika mazoea ya gereji za hapa, yaliyojengwa na miaka mingi ya kutengeneza magari yaliyochoka kwa fedha kidogo. Wa tatu husema gari libadilishwe lilingane na mazingira: kompyuta ya injini iprogramiwe upya, rejeta kubwa ifungwe, springi zibadilishwe. Kila msimamo una mahali pake pa haki. Kosa ni kuuchukua mmoja na kuutumia kwa kila sehemu ya gari.

Kivuli cha Safari Rally

Mkanganyiko huu umekolezwa na mashindano. Safari Rally iliporudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, makao yake yaliwekwa Naivasha, na hatua zake zikapita Kedong, Soysambu na Hell's Gate. Sifa ya Subaru nchini ni ya kabla ya hapo: Kenneth Eriksson alishinda Safari mwaka 1996 na Colin McRae mwaka 1997, wote kwa Impreza. Wenye magari wengi huamini kwamba kilichovumilia Safari kitavumilia barabara ya Moi South Lake.

Imani hiyo husahau kwamba gari la mashindano hufanyiwa kazi kila siku. Jioni mafundi hupewa dakika 45 za kubadilisha chochote kinachotiliwa shaka, na sehemu nyingi hutupwa kabla hazijaharibika. Impreza ya dukani hufanana nalo kwa umbo na kwa mpangilio wa silinda tu. Kinachofaa kuigwa kutoka kwa timu hizo ni desturi yao ya kukagua kabla ya kuharibika.

Joto na mwinuko

Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa bonde upande wa Limuru hupanda hadi karibu mita 2,500. Mwinuko huo hulibana gari kwa njia mbili. Kwanza, hewa ya Naivasha ina uzito pungufu wa karibu moja ya tano kuliko ya Mombasa, kwa hiyo hewa ileile inayopita kwenye rejeta hubeba joto pungufu. Pili, maji huchemka mapema: karibu nyuzi 94 mjini Naivasha, na chini ya 92 ukingoni.

Injini ya kisasa hufanya kazi kwa nyuzi 90 au zaidi. Isingekuwa shinikizo linalofungiwa ndani na kifuniko cha rejeta, maji yangechemka gari likiwa halijamaliza kona ya tatu ya kupanda Mai Mahiu. Kifuniko kizima hukiinua kiwango cha kuchemka hadi kati ya nyuzi 115 na 120 hata ukingoni. Kilichochakaa hukirudisha chini ya mia moja. Ndiyo maana gari huchemsha mlimani lakini tambarare halina tatizo, na fundi akalaumu rejeta au gasketi ya hedi. Kifuniko ni cha bei nafuu kuliko kitu kingine chochote katika mfumo huo. Kianze kupimwa.

Themostati ina hoja za pande mbili. Anayeing'oa anajua kwamba themostati iliyokwama ikiwa imefunga huua injini kwa dakika chache, na kwamba njia ikiwa wazi maji hupita kwa wingi. Faida hiyo ni ya kweli kwa safari ya dharura. Lakini alfajiri za Naivasha huwa na baridi ya nyuzi 8 au 10, na injini isiyo na themostati huchelewa kupata joto. Kompyuta huendelea kumimina petroli nyingi, petroli huosha oili kwenye kuta za silinda, na pistoni husagika. Zaidi ya hayo, kwenye injini nyingi themostati ndiyo inayoifunga njia ya mkato ya maji. Ikiondolewa, sehemu ya maji huzunguka bila kufika kwenye rejeta kabisa. Themostati mpya iliyopimwa katika sufuria ya maji ya moto kabla ya kufungwa huondoa hofu yote iliyomfanya fundi aitupe ya zamani.

Maji ya kisima hayafai. Maji ya ardhini ya Bonde la Ufa yana chumvi na madini mengi, na madini hayo hujenga ukoko ndani ya mirija ya rejeta. Inayotakiwa ni dawa ya rejeta iliyochanganywa na maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea kwenye betri ambayo hayajatiwa asidi. Injini ya boksa ya Subaru, ambayo silinda zake hulala ubavuni, huficha hewa kwa urahisi, kwa hiyo kila mfumo unapofunguliwa hewa itolewe polepole kabla gari halijarudi barabarani. Maji yakipungua bila tone chini ya gari, na mapovu yakionekana kwenye chupa ya akiba, gasketi ya hedi ndiyo ya kushukiwa.

Turbo huongeza jambo lake. Kwa kuwa hewa ni nyepesi, turbo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kufikia msukumo ambao kompyuta inautaka, na hewa inayotoka humo huwa ya moto zaidi. Kwenye Impreza, kipoza hewa cha turbo (intercooler) kimekaa juu ya injini chini ya tundu la boneti. Gari likijikokota nyuma ya lori mlimani, kipoza hewa huokwa. Mwendo ulio salama ni kushuka gia, kuacha injini izunguke, na kutokanyaga hadi mwisho kwa mizunguko ya chini. Wengi pia hupanda kwa nguvu kisha husimama kutazama bonde na kuzima papo hapo. Oili iliyobaki ndani ya turbo iliyokolea moto huungua na kuwa masizi. Dakika mbili au tatu za mwendo wa pole kabla ya kusimama zinatosha. Kifaa cha kuchelewesha kuzimika kwa injini si cha lazima.

Petroli

Hapa ndipo ushauri unapogongana vikali, na pia ndipo kosa linapogharimu zaidi. Petroli bora ya Japani hutakiwa kwa viwango vya nchi hiyo ifikie okteni 96, na kwa kawaida pampuni huwa karibu 100. Kiwango cha chini cha petroli ya super nchini Kenya kimekuwa 93. Kompyuta ya STI au Evolution ilipangwa kwa ile ya Japani. Okteni ikipungua, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati, injini hugonga, na pigo hilo huvunja kingo za pistoni kidogo kidogo.

Wanaosema super inatosha wana ushahidi: magari yanatembea. Sensa ya kugonga huisikia hatari na kuichelewesha cheche, na gari hupoteza nguvu bila kuharibika mara moja. Kwa injini isiyo na turbo, mwinuko wenyewe husaidia, kwa sababu silinda haijai hewa na shinikizo ndani hupungua. Mwenye Mark X wa Naivasha anaweza kutulia. Mwenye turbo hana unafuu huo, kwani turbo hurudisha shinikizo ambalo mwinuko umelipunguza. Tena, ulinzi wa sensa una kikomo, nao huchelewa pale injini inapobebeshwa mzigo mkubwa ghafla.

Safari ya pwani ina hatari ambayo haitajwi mara nyingi. Gari lisiloonyesha dalili yoyote Naivasha linaweza kuanza kugonga likishuka kuelekea Mombasa, kwa sababu kule hewa ni nzito na ya moto. Dereva atadhani amewekewa petroli mbaya, kumbe ni ileile aliyoizoea.

Petroli ya okteni ya juu huuzwa katika baadhi ya vituo vya miji mikubwa na kando ya barabara kuu, kwa bei ya juu. Kwa gari lenye turbo lisilobadilishwa, nyongeza hiyo ina thamani kuliko mapambo yoyote. Chupa za kuongeza okteni hazistahili imani zinayopewa: katika lugha ya matangazo yake, pointi moja mara nyingi ni sehemu ya kumi tu ya okteni, na zile zenye manganizi huacha utando mwekundu kwenye plagi. Njia iliyo imara zaidi ni kuiprogramu upya kompyuta kwa ajili ya petroli ya hapa, yaani kupunguza msukumo na kuchelewesha cheche. Mwenye gari hupoteza nguvu kidogo. Ni hasara ndogo kwa injini inayodumu, ila kazi hiyo ifanywe na mtu anayepima mchanganyiko gari likiwa na mzigo, si anayenakili faili la gari jingine.

Kuchakachua ni tatizo la pembeni lakini halijafutika. Mwaka 2018 serikali ilitoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya na petroli na dizeli. Mafuta ya taa hushusha okteni haraka sana. Mwenye turbo ashike kituo kimoja chenye wateja wengi na atunze risiti.

Oili

Namba ya kwanza ya oili huonyesha inavyotiririka kwenye baridi, ya pili inavyobaki nzito kwenye joto. Hoja ya 20W-50 ni kwamba injini iliyochakaa ina nafasi pana kati ya vyuma, na oili nzito huziba nafasi hizo na kupunguza kelele. Kwa injini ya zamani iliyo rahisi, hoja hiyo inasimama. Kwa injini yenye turbo na vali zinazorekebishwa kwa shinikizo la oili, alfajiri ya baridi oili hiyo huchelewa kufika juu, na njia zake ni nyembamba. Baadhi ya injini za EJ za Subaru zina vichujio vidogo ndani ya boliti zinazopeleka oili kwenye turbo. Vikiziba masizi, turbo hufa hata kama sevisi haikuwahi kukosekana.

Kitabu cha mtengenezaji, kikisomwa vizuri, hakilazimishi 5W-30 peke yake. Mara nyingi kina jedwali la joto la mahali. Kwa Naivasha, oili ya sinthetiki ya 5W-40 au 10W-40 yenye ubora unaotakiwa hukidhi asubuhi na mlima. Muda wa kuibadilisha ni muhimu kuliko chapa. Vumbi, milima na safari fupi ni mazingira magumu kwa kipimo chochote, kwa hiyo kilomita 5,000 au miezi 6 ziwe kikomo, na pungufu ya hapo kwa anayekanyaga.

Kupima oili kila gari linapojazwa petroli ni desturi isiyo na mbadala. Taa nyekundu ya oili husema shinikizo limekwisha, haisemi kiasi kimepungua. Ikiwaka kwenye kona, beringi za krenki zinaweza kuwa zimekwisha kuumia. RX-8 huchoma oili kwa makusudi, kwani pampu yake hunyunyiza oili ndani ya injini ili kulainisha viziba vyake, na asiyejua hilo huua injini nzima kwa kutoongeza oili. Gari hilo pia lisiwashwe kusogezwa hatua chache kisha likazimwa likiwa baridi: plagi hulowa petroli na injini hukataa kuwaka.

Vumbi na maji

Udongo wa bonde ni wa majivu ya volkano, mwepesi na mkali. Kule Kariandusi, karibu na Elmenteita, huchimbwa udongo mweupe wa diatomaiti ambao karibu wote ni silika. Punje za namna hiyo zikivuka filta ya hewa, hukwaruza silinda kama msasa. Filta ya pamba iliyopakwa oili hupitisha hewa zaidi na huoshwa ikatumika tena; hiyo ndiyo sifa yake. Lakini hupitisha pia vumbi zaidi kuliko karatasi nzuri, na oili ikizidi huchafua sensa ya kupima hewa, gari likaanza kusitasita na taa ya injini kuwaka. Kwa mkazi wa mjini Nairobi uchaguzi huo ni wa ladha. Kwa anayepita barabara za vumbi za Kedong au Hell's Gate kila wiki, karatasi inayobadilishwa mapema hushinda.

Mapezi ya rejeta na ya kipoza hewa huziba udongo pole pole. Yaoshwe kwa maji yasiyo na nguvu, kutoka upande wa injini kwenda nje.

Maji yana mkasa wake. Ziwa lilipopanda mwaka 2020 na tena 2025, mtaa wa Kihoto ulifurika. Gari lililosimama majini lisiwashwe kamwe kabla plagi hazijatolewa na oili zote, pamoja na za giaboksi na difu, hazijakaguliwa. Maji hayabanwi kama hewa. Likiwashwa, mkono wa pistoni hupinda.

Breki, tairi na matuta

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. DOT 4 mpya huchemka kwa nyuzi 230 au zaidi. Ikishalowa, kiwango kinachoruhusiwa hushuka hadi 155. Mteremko wa ukingoni hadi Mai Mahiu unafikia joto hilo kwa urahisi, na dereva hugundua pedali ikizama. Kila miaka 2 yabadilishwe yote, hata yakionekana safi, na mteremko ushukwe kwa gia.

Magari ya kuendesha magurudumu yote yana sharti linalowashinda wengi: tairi zote 4 ziwe na mzingo mmoja. Kununua 2 mpya na kuacha 2 zilizoisha ni kubania senti, kwa kuwa difu ya katikati hufanya kazi bila kupumzika mpaka iungue. Tarakimu 4 ubavuni mwa tairi huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi yenye kashata nzuri lakini ya miaka 8 haifai kwa mwendo wa kasi.

Kulishusha gari hupunguza kuyumba kwenye kona za lami, na hilo si jambo dogo. Matuta ya vijiji vya kando ya ziwa hayajali hoja hiyo. Sampu ya oili ya Subaru iko mbele na chini, na pigo moja humwaga oili yote. Rimu ndogo kwa inchi moja, yenye tairi nene zaidi, huokoa rimu na bushi kwenye mashimo. STI yenye breki za Brembo haishuki chini ya inchi 17.

Nani atengeneze

Gereji ya kampuni ina vifaa na kumbukumbu, lakini bei yake hulizidi gari la miaka 18, na mara nyingi haina uzoefu wa modeli zilizouzwa Japani pekee. Fundi wa jua kali wa Nakuru au Naivasha ana mikono iliyofungua injini hizo mara nyingi, na huokoa kilichokuwa kitupwe. Udhaifu wake ni kubahatisha: hubadilishwa sensa, kisha koili, kisha pampu, na mteja hulipia kila jaribio. Katikati kuna mafundi wa aina moja ya gari, ambao wengi wako Nairobi. Utaratibu unaofaa ni kumpelekea mtaalamu gari kwa utambuzi na kazi za ndani ya injini, na kumwachia fundi wa karibu pedi, bushi na sevisi. Kifaa kidogo cha kusoma hitilafu kupitia simu kinapaswa kuwa mali ya mwenye gari mwenyewe, ili asiende gereji mikono mitupu.

Kwa vipuri, mtumba wa Japani kutoka Kirinyaga Road jijini Nairobi unafaa kwa taa, milango, hata giaboksi iliyopimwa. Haufai kwa mkanda wa taimingi, pampu ya maji, gasketi na breki. Mkanda wa EJ umepangiwa kilomita 100,000. Gari lisilo na kumbukumbu libadilishiwe mara linaponunuliwa, kwa sababu ukikatika vali hugonga pistoni.

Kuongeza nguvu

Wanaopenda kuongeza nguvu wana hoja: Naivasha hula karibu moja ya tano ya nguvu ya injini isiyo na turbo, na ni haki kutaka kuirudisha. Tatizo ni mpangilio wa fedha. Ekzosi pana kwenye turbo bila kuprogramu upya hupandisha msukumo kupita kiasi. Vali ya kupumulia nje, inayopendwa kwa mlio wake, hutoa hewa ambayo sensa ilishaihesabu, na injini hujaa petroli. Fedha hiyohiyo ikinunua rejeta ya alumini, pedi bora na bamba la kukinga sampu ya oili, gari huwa na kasi ileile na hufika.

Injini ikifa, kuna kuifungua na kuijenga upya, au kufunga nyingine ya mtumba. Ya mtumba ni ya haraka na ya bei ya chini, lakini haijulikani ilivyoishi. Ikubaliwe tu baada ya kupima mgandamizo wa kila silinda na kubadilisha mkanda, pampu ya maji na viziba vyote ikiwa bado iko nje ya gari. Kuijenga upya hugharimu zaidi na hutegemea karakana yenye vipimo sahihi, nayo inafaa pale gari lenyewe ni zima na mwenyewe hana mpango wa kuliuza. Aliyebadilisha injini apeleke namba mpya kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama, ibadilishwe kwenye kitabu cha gari, la sivyo polisi na kampuni ya bima wataikuta tofauti hiyo siku ya ajali.